Sindano, si Shindano

Daftari la kaunta kuu, jalada limeng'oka,
ukurasa wa kwanza una deni la vitunguu.
Wa pili ndio huu.
Jumamosi, Keko Machungwa, ukumbini kwa Aikande.
Ukumbi ni neno la heshima:
ni kibaraza, turubai, na vyerehani vinne,
kimoja kinalia kama paka aliyefungiwa kabatini.

Ajenda: tushone nini tusichokijua.

Maana sare za shule tunazijua.
Mapazia tunayapinda hata usingizini.
Mikono imezoea njia moja, kama punda wa maji,
humwambii kata kushoto.

Aikande akasema: mfarishi. Wa viraka.
Miezi sita, kila mwezi ufundi mmoja mgeni.
"Mfarishi, Dar?" Havijawa akauliza,
akijipepea kwa mfuniko wa ndoo.
"Nani anasikia baridi hapa? Nileteeni nimguse."
Tukacheka, Lwitiko akadondosha bobini.
Aikande alicheka kidogo tu.
Mama yake yuko Machame; anasema kwenye simu
magoti yake huamka kabla yake.

Basi nikaandika.
Mwezi wa kwanza, pembetatu: ncha ikutane na ncha,
zisipishane kama mdeni na mdai.
Mwezi wa pili, duara.

(Hapo kalamu ilisita.
Miaka kumi na tisa nashona mistari iliyonyooka.
Kola nampa Lwitiko,
namwambia nina haraka.)

Wa tatu, mkono mtupu, sindano na kastabani,
umeme ukikatika tusijue.
Wa nne wakabishania mpaka chai ikapoa,
nikaacha nafasi.

Vitambaa: marufuku kununua.
Kila mtu alete mfuko wa vipande, umefungwa fundo:
mabaki ya makochi ya hapa Keko, mashati ya mtumba, kanga.
Tupige kura, uchukue mfuko wa mwenzio
na usinune.

Sikudhani akainuka. "Kanga mimi sikati.
Kanga inasema. Ukiikata inasema nusu,
na nusu ndiyo yenye ugomvi."
Akatusimulia foronya aliyomshonea mkwewe.
Kanga ilisema WEWE SI MZIGO KWANGU.
Ile SI ikaingia ndani ya mshono.
Mkwe akailalia wiki nzima, kimya,
siku ya nane akaomba nauli.

Hakuna aliyecheka mpaka yeye mwenyewe alipoanza.
Tukakubaliana: kanga ruksa,
lakini isomwe kwa sauti kabla ya mkasi.

Kisha zawadi. Lwitiko alitaka mshindi,
mshindi apewe mkasi wa chuma, ule mzito.
Mwamvua akatikisa kichwa.
"Mshindi tunamjua leo. Ni wewe.
Utashinda kwa unachokijua,
na mimi nitajificha kwa nisichokijua.
Sasa tumekuja kufanya nini?"

Kimya. Paka wa kabatini naye alinyamaza.

Akainama juu ya bega langu.
"Katibu, juu hapo umeandika nini?"
Shindano, nikasema.
"Umeandika SINDANO."
Kweli. H ilikuwa imedondoka,
na katika watu sita hakuna aliyejisumbua kuiokota.
Ikabaki hivyo. Ndilo jina letu.

Faini zikapitishwa za mwisho, watu wakitafuta kandambili:
anayefumua halipi kitu.
Anayeficha kosa, mia tano, kopo la maziwa.

Walipoondoka nilifunika sahani juu ya gazeti,
nikaizungusha chaki, nikakata, nikashona.
Kitambaa kikajikunja, kikanitolea mdomo.
Nikafumua. Nikashona. Kikanitolea tena.
Kabla ya kuzima taa
nikatumbukiza mia tano koponi.
Ya zile kola.
Nikaongeza nyingine mbili,
bado nikaona nimejipunja hesabu.